Salamu Alizozikata Mkwe Wangu

Mimi si mtu wa kuandika. Herufi nilijifunza nikiwa tayari nina wajukuu, kwenye darasa la watu wazima, na mpaka leo kalamu ikikaa mkononi mwangu inakaa kama mwiko. Sasa wamekuja watu wa chama cha mitandao ya mitaani, wamekunywa chai yangu, wamesifu baraza langu, kisha wakasema wanataka kila mtaa uandike habari za mtu mmoja aliyeuhangaikia mtandao mpaka ukasimama. Mtu huyo hapa kwetu ni mkwe wangu. Nikawaambia basi aandike yeye mwenyewe. Naye akasema hawezi kujisifu, anaona aibu. Kumbe asiye na aibu ni mimi. Haya.

Hamjambo nyote? Habari za huko mliko? Wazee wanaendeleaje? Watoto je? Waliolala wagonjwa wameamkaje? Mimi sijambo, ila goti.

Mkwe wangu huyu mtaa mzima unamwita Bisibisi. Jina lake analo, alipewa na wazazi wake, lakini hata mwanangu aliyemuoa hulitumia akiwa amekasirika tu. Ni mwanamke mfupi, mkimya, mwenye vidole vyembamba kama vya mtu wa kusuka nywele, na bisibisi yake ndogo ameichomeka kwenye kilemba saa zote, hata akiwa anasonga ugali. Wiki aliyoletwa hapa, hata hajajua chumvi naiweka wapi, nilirudi sokoni nikaikuta redio yangu mezani, tumbo wazi, nyaya nje kama matumbo ya kuku.

Nikamuuliza, "Mwanangu, kwenu ndivyo mnavyobisha hodi?"

Akasema, "Mama, inakoroma."

Nikamwambia inakoroma tangu mumeo hajaota meno na hakuna aliyekufa. Jioni ile redio ikasema kwa sauti safi, kama mtu aliyetoka kuoga. Sikumsifu. Nilimwambia imekuwa na kelele mno. Lakini kesho yake nilihamisha magunia yangu ya mkaa kutoka chumba cha mbele, nikasema chumba kile kinanuka panya, afanye anachotaka.

Alichotaka ni meza, taa ya kupinda shingo, na mswaki. Mswaki huo ndio anaosafishia simu zilizoingia maji. Na kabla hajaigusa simu yoyote huinusa. Mteja anakuja ameapa kwamba simu yake haikuanguka popote, imezima yenyewe tu. Bisibisi anaipeleka puani, anasema polepole, "Hii imeanguka kwenye beseni la kufulia. Sabuni ya unga." Mteja anaanza kutazama dari. Siku moja aliinusa ya jirani yetu kinyozi, akasema, "Hii sitasema ilipoanguka, lakini kabla hujaondoka niletee maji ya moto ninawe." Mtaa ulicheka mpaka mbavu zikauma. Kinyozi mwenyewe akacheka, maana hana njia.

Mwanangu anaendesha greda kwenye kazi za barabara, mbali, huja nyumbani kama mvua za jangwani. Kwa hiyo nyumba hii ni mimi, Bisibisi, na wajukuu wawili. Mdogo ni mume wangu, ana meno mawili na tayari ana wivu. Dada yake ni mke mwenzangu, tunagombania mto mmoja. Nawataja mapema mjue nilikuwa nachungulia shimo gani.

Mambo yalianza hivi. Kampuni ya simu iliweka mnara mdogo juu ya paa la mashine ya kusaga, ili mtaa wetu nao upate mtandao. Watu wakafurahi, wakanunua simu za kupangusa kwa kidole. Kisha simu zile zikawa za kupigia picha watoto. Kwa nini? Kwa sababu kila ukurasa uliofunguka ulikuwa umejaa maandishi, na mengi kwa lugha za watu wengine. Wengi wetu hapa tukisoma tunasoma kwa jasho. Ikawa kila asubuhi kwenye dirisha la Bisibisi pana foleni, wala si ya simu mbovu. Mtu ananyoosha simu nzima isiyo na ugonjwa wowote, anasema, "Nisomee hapa, mwanangu." Yeye anasomea huku analehemu.

Siku moja akaja bwana wa kampuni, kijana mwenye kofia na begi la mgongoni. Alikaa kwenye benchi la wateja, akasema kwa adabu, maana adabu anayo, "Dada, watu wenu wanapiga simu tu. Mtandao hawaugusi. Mnara unakula umeme kwa ajili ya nyumba chache. Mambo yakibaki hivi, mvua zikikaribia tutakuja kuushusha kabla paa halijaanza kuteleza."

Alipoondoka, Bisibisi aliiacha lehemu ikapoa mkononi. Vipuri anaagiza kwa mtandao. Ufundi anajifunza kwa mtandao, anatazama mafundi wa mbali wanavyofungua simu ambazo hapa hazijafika. Bila mnara ule meza yake ni meza tu. Na mwanangu alikwisha kumwambia, nilisikia kwa masikio yangu kwa sababu anapenda kuweka spika, "Kukiwa hakuna kazi hapo, njooni huku na watoto. Huku kuna mji, fundi hakosi riziki." Njooni na watoto. Mimi sikutajwa. Mimi na goti langu tungebaki na redio isiyokoroma.

Basi Bisibisi akaamua kutengeneza ukurasa wa mtaa wenyewe, wa mambo ambayo mtu hapa anayahitaji: maji ya bomba yatatoka lini, daktari wa zahanati yupo au hayupo, daraja limefunikwa na maji au linapitika. Akaandika kwa herufi kubwa. Hakuna aliyeusoma. Akatafuta mashine ya kusoma maandishi kwa sauti, ile inayokaa ndani ya kompyuta. Jamani. Ilisema Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Kinyozi akaipa jina la Mgeni wa Mafua, na watu wakawa wanaifungua ili wacheke. Wakashiba kucheka, wakaacha.

Ndipo akaja kwangu, nikiwa nakuna nazi, akasimama mlangoni.

"Mama, wewe una sauti."

"Nina na masikio. Sema unachotaka."

Sauti kweli ninayo, wala sijisifu. Miaka mingi niliuza mitumba sokoni, na nikinadi shati watu wa stendi walikuwa wanageuka wajue rangi yake. Hakuna mtu mtaani humu asiyeijua sauti yangu, hata wasioipenda. Bisibisi alitaka niseme, yeye anase sauti yangu kwa simu, watu wabofye wasikie. Nikamwambia sitaki upuuzi. Kesho yake nikaingia.

Nikaingia kabatini, naam. Mashine ya kusaga inanguruma mchana kutwa, na mahali pekee penye kimya ni ndani ya kabati la nguo. Nikakalishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtu mzima na heshima zangu, katikati ya makoti ya mwanangu, blanketi mlangoni, simu mdomoni.

"Sema tu, mama: maji yatatoka kesho asubuhi mtaa wa juu, jioni mtaa wa chini."

"Namsemesha nani?"

"Yeyote atakayebofya."

"Huyo yeyote hana nyumbani? Hana hali?"

"Mama."

"Sijawahi kuingia kwa mtu nikaanza na maji."

Nikasalimia. Nikauliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za wagonjwa, za kuku. Na kila nilipouliza nilinyamaza kidogo, kwa sababu ukimuuliza mtu hali bila kumpa nafasi ya kujibu, umeuliza nini?

Bisibisi akanong'ona kutoka nyuma ya blanketi, "Mama, ukinyamaza napo bando linakwenda."

"Liende. Tangu lini kunyamaza kukauzwa?"

Kumbe kunauzwa. Watu walifungua ukurasa kwa shauku, wakaisikia sauti yangu, wakafurahi, wakajibu salamu zote wakiwa peke yao jikoni. Kisha kabla sijafika kwenye maji, bando limekwisha. Siku ya tatu kinyozi akaja dirishani amenuna.

"Bisibisi, mama mkwe wako amelimaliza bando langu akiniuliza habari za kuku. Mimi sina kuku."

Nikamjibu kutoka ndani, "Hiyo ni shida yako. Fuga."

Lakini hakuwa peke yake. Watu wakarudia mtindo wa zamani, kuja dirishani kuuliza. Bisibisi alinieleza kwa upole: kila mtu akifungua, salamu zote zinasafiri upya kutoka mnarani mpaka kwenye simu yake, na bando za watu wetu ni ndogo, za kununua pamoja na kiberiti. Akaniomba nipunguze. Nikakataa. Akaniomba nibakize swali moja tu. Nikamuuliza nibakize lipi, niwaache watoto au niwaache wagonjwa? Akanyamaza. Akinyamaza yule, ujue anafikiri, au amekata tamaa, na kwa sura huwezi kutofautisha.

Mawingu yakaanza kujikusanya mchana. Siku hiyo nikaliona sanduku lake la bati, lile alilokuja nalo, limeshushwa kutoka juu ya kabati.

"Hilo linatafuta nini chini?"

"Nalifuta vumbi, mama."

"Vumbi limeanza lini kukuhusu?"

Akaendelea kulifuta. Mke mwenzangu alikuwa amekwisha kuweka mdoli wake ndani ya sanduku. Niliutoa nikaurudisha kitandani. Baadaye nikaukuta mle tena.

Sasa sikilizeni. Asubuhi iliyofuata nilikuwa barazani nachambua maharage. Nilijua kuna jambo pale mashine ya kusaga ilipozimwa. Mashine ile haizimwi mpaka jioni. Nikamwona mwenye mashine anakuja, unga mpaka kwenye nyusi, anatembea taratibu. Nyuma yake shoga yangu muuza ndizi, ameacha meza yake wazi, analia. Nyuma yao fundi cherehani na wasichana wake. Wakaingia uani, wakasimama, wakaniangalia mimi na ungo wangu.

Shoga yangu akasema, "Nani?"

"Nani nini?"

"Nani ametutoka? Usitufiche, shoga. Ni mwanao? Ni kule barabarani?"

Nikauweka ungo chini. Nikamwuliza amesikia wapi habari za mwanangu.

"Kwako mwenyewe," akasema. "Nimebofya asubuhi, ukaanza tu: maji yatatoka jioni. Hukuniuliza hata nimeamkaje. Nikasema mtu huyu ninayemjua hawezi kusema hivyo akiwa mzima. Ama amefiwa, ama nimemkosea."

Mwenye mashine akadakia, "Mimi nilifikiri simu yangu mbovu. Nikamwita huyu fundi cherehani afungue yake. Na yeye hivyo hivyo. Maji yatatoka jioni, kama polisi."

Wakati huo anaingia kinyozi, amebeba benchi la wateja wake begani, kwa kuwa watu wamekuwa wengi, na chini ya kwapa la pili ana kuku hai. Akaliweka benchi, akanipa kuku kwa mikono miwili.

"Mama, ni yale maneno yangu. Nimekuja kuomba radhi. Huyu ni wako, na mwingine nimeacha nyumbani, nimeanza kufuga."

Nikageuka. Bisibisi amesimama kwenye mlango wa chumba cha mbele, mkono kwenye kilemba.

"Umezikata salamu zangu?"

"Nimezikata, mama. Jana."

 Maneno niliyokuwa nayo mdomoni ni mengi, na yote yalikuwa mazuri, ningeyasema kwa sauti ya mnada. Lakini nilipomtazama nikaona haniangalii mimi. Anawaangalia watu. Anawaangalia mmoja mmoja, macho yamemtoka.

Akasema, "Ngojeni. Ninyi nyote mmesikiliza? Leo asubuhi?"

Wote. Mmoja alipomwambia jirani kwamba sikusalimia, jirani alifungua yake ahakikishe, naye akaenda kumwamsha mwingine. Na kwa kuwa habari ilikuwa fupi, bando lilitosha. Mtaa mzima ulikuwa umeingia mtandaoni kabla ya chai, kwa hofu kwamba nimekufa au nimenuna.

"Na salamu mnazitaka?" akauliza.

Shoga yangu akafuta machozi kwa ukali. "Sasa tutasikiaje habari kwa mtu asiyetusalimia?"

Bisibisi akachomoa bisibisi yake kilembani, na akifanya hivyo ujue sanduku limesahauliwa. Akawaambia wakae kwenye benchi la kinyozi na kila mmoja atoe simu. Akazipitia moja moja kwa waya, hapo hapo barazani, akaziingiza salamu zangu zote ndani ya kila simu, nzima, pamoja na kuku. Alinieleza kwamba zikishakaa ndani ya simu hazisafiri tena, hazili bando. Kinachotoka mnarani ni habari tu, fupi. Mtu akibofya, salamu zinatoka mfukoni mwake, habari inatoka kwenye mnara, yeye anasikia kitu kimoja. Nilimwuliza kwa nini hakufanya hivyo tangu mwanzo. Akasema hakujua kwamba salamu zina uzito huo. Nikamwambia angeniuliza. Akasema, "Ulikuwa hunisemeshi ila kwa kunikatalia, mama." Hilo tuliache.

Shoga yangu alipopewa simu yake akabofya, akasikiliza, akajibu kila swali kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na nikijibu hivi, yeye anasikia?"

"Hasikii," akasema Bisibisi.

"Basi nazungumza na ukuta."

Neno hilo lilimkaa Bisibisi kichwani. Siku zilizofuata alikuwa akiivunja kompyuta kuukuu aliyotengenezea ukurasa na kuiunga, umeme ukikatika anangoja, ukirudi anaendelea, maelezo yote ya kazi yapo kwa lugha ya watu wengine, anayasoma mstari mmoja mara tano. Sufuria ziliungua. Mume wangu mdogo alibebwa mgongoni na mimi, goti na lenyewe likalalamika. Mpaka akaweka kitufe: ukikishikilia, unajibu, na jibu lako linafika.

Wakajibu. Mwanzo walijibu salamu tu. Halafu mtu akishajibu kwamba hajambo, mdomo umefunguka, anaongeza: ila daraja limeanza kufunikwa. Ila daktari wa macho amefika, nimemwona anashuka. Ila mbuzi mweupe amepotea, ana kamba ya bluu. Bisibisi akawa hana haja ya kwenda kuulizia habari, zinakuja zenyewe zimepanda salamu. Mimi nazisikiliza zote kabatini na kuzisema upya. Nimeweka mto juu ya ndoo.

Bwana wa kampuni akarudi siku ambayo matone ya kwanza yalikuwa yanapiga mabati. Alikuja na mafundi, kamba, na ngazi ndefu, wakaiegemeza kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Bisibisi alitoka akasimama chini ya ngazi, mikono imekunjwa. Nami nikatoka nikasimama karibu naye. Huwa sisimami karibu naye. Yule bwana akafungua kompyuta yake ndogo ili aandike kwamba ameshusha, akaikazia macho, akaifunga, akaifungua tena.

"Hapa pamekuwaje?" akauliza. "Mitaa yote watu wanavuta vitu kutoka mtandaoni. Hapa kwenu wanatuma kuliko wanavyovuta. Mnatuma nini?"

Bisibisi akampa simu. Akabofya. Sauti yangu ikatoka, hamjambo, habari za nyumbani, ikanyamaza kidogo. Yule kijana akavua kofia kwenye manyunyu yale.

"Nyumbani salama, mama," akaiambia simu, nami nimesimama mbele yake.

Ngazi ikarudi garini. Hakutuahidi milele; alisema mvua zijazo watatazama tena. Watazame. Jioni ile Bisibisi alipanda kwenye kiti akalirudisha sanduku juu ya kabati. Nikamuuliza, "Vumbi limekwisha?" Akasema, "Limekwisha, mama," na mdoli ukabaki huku chini.

Msidhani mambo yamenyooka. Ng'ambo ya mto wanasema lugha nyingine, na kwao mimi ni Mgeni wa Mafua. Bisibisi anatafuta mwanamke wa huko mwenye sauti na ukaidi. Na seremala wetu ni kiziwi, salamu zangu kwake ni midomo inayocheza tu, kwa hiyo zile herufi kubwa ambazo hakuna aliyezisoma zimerudi ukurasani kwa ajili yake, na chini yake mkwe wangu amemwandikia salamu zote, hata za kuku. Umeme bado unakatika. Yeye bado ananusa simu, bado anaunguza sufuria, na bado sijamsifu. Haya niliyoandika si sifa, ni habari.

Sasa wewe unayesoma. Pale mwanzoni nilikuuliza hali yako, nikanyamaza kidogo nikungoje, nawe ukapita kama mtu anayekimbilia gari. Niliona. Rudi pale juu. Jibu moja moja: wazee, watoto, wagonjwa. Na ujibu kwa mdomo, usijibu moyoni. Ya moyoni siyasikii.